Chanjo na Wazee Wetu: Maneno Yaliyosemwa Gonja Mbele ya Washarika na Walimu



Katika siku za yubile ni desturi kuhesabu baraka. Wengine wamekwisha kusimulia habari za wachungaji wa kwanza, na wengine habari za shule, majengo na kengele. Sisi tumepewa sehemu ya afya, nasi tumechagua jambo moja lisilosemwa sana kanisani, nalo ni wazee wetu na chanjo. Hasa twataka kunena juu ya homa ya mapafu, ambayo wengi huiita kichomi au nimonia, na juu ya homa ya mafua makali ambayo huifungulia mlango. Maana magonjwa haya huwaelemea watoto wachanga na watu wenye umri mkubwa kuliko wengine. Tena hapa kwetu, ukungu wa mwezi wa Juni na Julai unapotanda mlimani, na moto wa kuni ukawashwa mlango umefungwa, sote twajua ni nyumba zipi zitakazosikika kikohozi usiku kucha.

Mtoto wa Gonja hupelekwa kliniki kuchanjwa, wala hakuna anayeshangaa. Tangu Januari 2013 watoto wachanga wa Tanzania hupewa pia chanjo ya kuwakinga na vijidudu vinavyoleta homa ya mapafu. Mara nyingi, mama akiwa shambani, anayembeba mtoto huyo ni bibi yake. Bibi hungoja zamu yake kwa saburi, humshika mjukuu mguu asirukeruke, humfuta machozi, kisha humrudisha nyumbani mgongoni. Lakini mwambie bibi huyo ya kwamba iko chanjo ya watu wa umri wake pia, naye atacheka. Atasema, "Mimi? Nimekwisha kula chumvi yangu. Wapeni watoto."

Neno hilo tumelisikia mara nyingi, katika nyumba nyingi, nasi kwa muda mrefu tulicheka pamoja nao. Leo twaomba tuliangalie vema, pamoja na maneno mengine matatu wanayoyasema wazee, maana tumekuja kutambua ya kuwa hayo si maneno ya ujinga. Kila moja lina swali ndani yake, na swali lataka jibu.

Neno la kwanza ndilo hilo: "Wapeni watoto." Hili ni neno la upendo. Mzee adhani chanjo ni kama chakula wakati wa njaa, akila yeye mtoto atakosa. Basi yatupasa kumjibu kwa upendo ule ule. Babu, bibi, uhai wako si mali yako peke yako. Ni nani atakayemlea mjukuu ambaye wazazi wake wako Dar es Salaam au Arusha wakitafuta riziki? Ni nani ajuaye mipaka ya shamba, na deni la nani lilikwisha kulipwa, na jina la babu wa babu? Mzee akifa kwa ugonjwa uliozuilika, mtoto aliyeachiwa chanjo ameachiwa pia ukiwa.

Tena magonjwa haya hayafuati hesabu ya mtu mmoja mmoja. Vijidudu vya homa ya mapafu hukaa mara nyingi puani na kooni mwa watoto wadogo, wasiumwe, kisha humwendea yule anayewabeba na kulala nao. Kule Kilifi, katika pwani ya Kenya, chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2011, na wataalamu wakafuatia hesabu kwa miaka mingi. Magonjwa mabaya yaletwayo na aina za vijidudu zilizomo katika chanjo yalipungua kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Tena yalipungua hata kwa watu wakubwa ambao wao wenyewe hawakuchanjwa. Hivi mtoto aliyechanjwa humkinga bibi yake bila kujua. Ikiwa mtoto mchanga amtendea bibi yake wema huo, je, si vizuri bibi naye, njia ikipatikana, asiwe mlango wa ugonjwa kwa mtoto?

Neno la pili husemwa hivi: "Hayo ni mambo mageni, sisi tulikua bila sindano hizo." Wazee wetu, kwa heshima yote, twawaomba mkunje mikono ya nguo zenu, mtazame juu karibu na bega. Wengi wenu mna kovu pale. Kovu hilo wengi walilipata kwa kuchanjwa ndui. Ninyi ndio watu wa chanjo kabla yetu. Hata jina lenyewe latoka kwenu, maana kuchanja ni kukata ngozi kidogo, na Waswahili walilitumia neno hilo kabla ya sindano za leo kufika vijijini. Ndui iliua watu na kupofusha macho na kuharibu nyuso katika nchi zote za dunia. Mwaka 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza ya kuwa imekwisha kabisa duniani. Vijana mlioketi nyuma hamjapata kumwona mgonjwa wa ndui, wala hamtamwona. Mikono ya wazee hawa ndiyo iliyoifunga njia yake.

Mtu wa mwisho aliyeshikwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika ya Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa kijana, akifanya kazi palepale penye chanjo, lakini hakuchanjwa, kwa maana aliogopa maumivu ya sindano. Aliugua, akapona kwa neema ya Mungu. Baadaye alikwenda nyumba kwa nyumba katika kazi ya kupambana na ugonjwa wa kupooza wa polio, akawasimulia wazazi habari zake mwenyewe ili wasikatae kama yeye alivyokataa. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo. Twamtaja kwa sababu yeye hakuficha kosa lake. Alilifanya kuwa fundisho. Nasi tutahitaji ujasiri huo mbele kidogo.

Neno la tatu ni hili: "Sindano yenyewe ndiyo inayoleta ugonjwa." Hapa twaomba mtusikilize ninyi mliokulia penye ndiva. Mnajua ya kuwa maji ya mfereji ni machache, nayo hayatoshi kumwagilia shamba yakija moja kwa moja. Kwa hiyo wahenga wa Upare walichimba ndiva, wakayakusanya maji usiku kucha, na asubuhi wakaifungua kwa nguvu. Mwenye ndiva tupu jua likiwaka hana la kufanya. Kukimbilia jembe wakati huo ni kuchelewa. Mwili nao ndivyo ulivyo. Chanjo hizi huuonyesha mwili sura ya adui akiwa amekwisha kuuawa au akiwa vipande tu, ili mwili ukusanye nguvu zake mapema. Kukusanya huko huchukua siku kadhaa, na mtu aweza kuumwa mkono au kuwa na homa kidogo kwa siku moja au mbili. Chanjo ya sindano ya mafua haina kijidudu kilicho hai, kwa hiyo haiwezi kumpa mtu mafua. Anayeugua siku chache baada ya kuchanjwa huwa amekutana na ugonjwa kabla ndiva yake haijajaa, au amepata mafua ya namna nyingine.

Lakini na tuseme kweli yote, maana nusu ya kweli ndiyo iliyotuharibia kazi. Chanjo ya mafua makali si kama ile ya ndui. Virusi vya mafua hubadilika sura, na kwa hiyo wataalamu huchagua upya mara mbili kila mwaka namna za kutiwa katika chanjo, na mtu hana budi kuchanjwa tena na tena. Katika miaka inapolingana vema na ugonjwa uliopo, huwapunguzia watu hatari kwa kadiri ya nusu, pengine zaidi kidogo au pungufu, na mwili wa mzee huitikia kwa uvivu kuliko wa kijana. Je, nusu ni kitu? Mwenye shamba anayejua ya kuwa nzige watakula nusu badala ya yote, hatauliza swali hilo.

Wala tusidhani mafua ni jambo dogo la kufuta pua. Mwishoni mwa mwaka 1918, vita vikielekea kwisha na watu wamechoka kwa njaa na kubebeshwa mizigo ya majeshi, homa ya mafua iliizunguka dunia yote ikaingia na nchi hii. Yakadiriwa kwamba ilichukua makumi ya maelfu ya roho katika Tanganyika. Wengi katika dunia hawakuuawa na mafua peke yake, bali na homa ya mapafu iliyofuata nyuma yake. Mafua yalibomoa ukuta, na vijidudu vingine vikaingia. Virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa mwaka 1933 huko London, na chanjo ikapatikana katika miaka ya 1940.

Chanjo ya homa ya mapafu nayo ina historia yenye uchungu, na Mwafrika yumo ndani yake. Mwaka 1911 daktari Mwingereza, Almroth Wright, alianza kuijaribu kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, maana watu waliotoka nchi za joto walikuwa wakifa kwa wingi katika migodi ile kwa homa ya mapafu. Katika miaka ya 1970 majaribio makubwa yalifanywa tena kwa wachimbaji wa huko, na mwaka 1977 chanjo ya watu wazima ikaruhusiwa Marekani. Mzee akisikia hayo aweza kusema, "Kumbe tulijaribiwa." Ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mwaka 1911 hapakuwa na sheria za kumtaka mtu ridhaa yake kama zilizopo leo. Lakini twamwomba atazame na upande wa pili. Vifua vya Waafrika vilisaidia kuipata dawa hii, na leo wazee wa nchi tajiri huchanjwa kwa kawaida, wakati wazee wa kwetu hawapewi. Kukataa tunda la jasho la ndugu zetu hakutawalipa ndugu hao. Kulidai tunda hilo ndiko haki.

Maana hili nalo ni kweli, wala hatutaki mtu atoke hapa akapande gari kwa matumaini ya bure. Chanjo ya mafua makali na ile ya homa ya mapafu kwa wazee bado hazimo katika utaratibu wa kawaida wa chanjo za taifa letu. Hupatikana kwa shida, na kwa kulipa, katika baadhi ya hospitali za miji mikubwa. Basi mtauliza, mbona mwasema habari za kitu kisichopo? Jibu letu limo katika neno la nne.

Neno la nne ndilo zito: "Walituambia hivi, kisha wakatuambia vile." Mnakumbuka mwaka 2021. Mwezi wa Januari viongozi wa juu wa nchi walizitilia shaka chanjo za korona hadharani. Tarehe 28 Julai ya mwaka ule ule, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya macho ya watu, na chanjo ikaanza kutolewa, kwanza kwa watumishi wa afya, na watu waliotimiza miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi ya kudumu. Wazee wakawa wa kwanza kuitwa, nao wakawa wa kwanza kusita. Mzee aliyesikia maneno mawili katika mwaka mmoja, akauliza lipi ni kweli, hakuwa mjinga. Alitaka kuelezwa.

Watu wa milima hii wana tabia hiyo tangu zamani. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kwenda Same kwa ajili ya kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi; walikataa kukadiriwa mali zao kwa njia ambayo hawakuielewa. Walikaa kule kwa utulivu, na mwishowe serikali ya Waingereza ikaiacha kodi ile. Basi anayewaendea wana wa watu hao kwa amri tu, bila maelezo, asishangae akirudi mikono mitupu.

Sasa yatupasa kukiri kosa letu. Katika mwaka ule wa 2021, mzee mmoja wa usharika, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwangalizi wa ndiva ya kijiji chake, alitungojea nje ya kanisa baada ya ibada. Alivua kofia yake akauliza, "Mwalimu, hii chanjo, nifanye nini?" Nasi tuliogopa. Tuliogopa kusemwa, tuliogopa kuonekana twaingia mambo ya serikali, na zaidi tuliogopa kwamba hatujui vya kutosha. Tukamjibu, "Mzee, ni hiari yako." Neno hilo lilikuwa kweli, kwa maana chanjo ilikuwa ya hiari, lakini halikuwa jibu. Alivaa kofia yake akaenda. Katika mvua zilizofuata alishikwa na kifua, akaletwa kwa machela amechelewa, na siku ya tatu tukamzika. Hakupimwa, nasi hatujui ni ugonjwa gani uliomchukua, wala hatusemi kwamba chanjo ingalimponya, Mungu ajua. Twasema tu kwamba aliuliza, nasi hatukumjibu. Angalikuwa ameuliza habari za ubatizo, tungalikaa naye hadi jioni.

Walimu wenzetu, hiyo ndiyo sababu ya kusema leo juu ya chanjo ambazo bado hazijafika. Moyo wa mzee hauandaliwi kwa juma moja. Mwaka 2021, dawa ilipokuja mbele ya maelezo, waliojitokeza mwanzoni walikuwa wachache. Mwaka 2022, chanjo ilipopelekwa vijijini na viongozi wa dini na wa mitaa wakakaa na watu na kuwaeleza, hesabu ilipanda sana. Dawa ilikuwepo tangu mwanzo; lililokosekana ni maelezo.

Katika Maandiko twasoma habari za Naamani Mshami, jemadari mwenye ukoma. Alipoambiwa ajichovye katika Yordani alikasirika, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa dogo mno, na nabii hakutoka hata kumsalimu. Waliomgeuza moyo walikuwa watumishi wake. Hawakumcheka, wala hawakumkaripia. Walimwendea wakamwita baba, wakamwuliza swali la akili. Hivyo ndivyo yatupasa kuwaendea wazee wetu. Kijana asiyesalimia vizuri asipeleke habari za chanjo kwa babu yake. Afadhali atumwe mwingine.

Basi twatoa mashauri machache. Kwanza, mwalimu ajifunze kwa watumishi wa afya kabla ya kusimama mbele ya watu. Na asilolijua aseme, "Nitauliza," kisha aulize kweli, akarudi na jibu.

Pili, wazee wasisemewe. Katika mikutano ya kijiji na katika vikao vya sharika wazee wenyewe waulize serikali na hospitali: Chanjo hizi zitakuja lini kwa watu wa umri wetu? Zisipodaiwa na wenye haja, ni nani atakayezidai?

Tatu, tusingoje chanjo ndipo tulinde vifua. Mjukuu mwenye mafua asilale kitanda kimoja na bibi. Dirisha lifunguliwe wakati wa kupika, na mzee asikalishwe penye moshi siku nzima kwa ajili ya joto, apewe blanketi. Mikono ioshwe. Tena jueni ya kuwa homa ya mapafu kwa mzee yaweza kuja bila homa kali wala kikohozi kikubwa. Mkiona mzee amechanganyikiwa ghafula, hataki kula, amelegea, anaanguka, au pumzi zake zaenda mbio, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, watoto waendelee kuchanjwa bila kukosa, kwa maana tumekwisha kuona jinsi wanavyowakinga wazee wao.

Wapendwa, sote twaujua msaragambo. Baragumu ikilia kila nyumba hutoa mtu, na kila mtu hupewa kipande chake cha mfereji. Aliyekaa nyumbani akisema, "Mimi ni mzee, maji waachieni vijana," kipande chake hubaki kimebomoka, na maji ya wote hupotelea hapo. Lakini mkumbuke pia ya kuwa hakuna mzee aliyepata kuja kwa msaragambo asioitiwa. Kosa la mwaka ule halikuwa la mzee aliyevaa kofia yake akaenda zake. Lilikuwa la sisi tuliokuwa na baragumu mkononi, tusiipulize.

Mungu atupe miaka mingine ya kuwahudumia wazee wetu, na wakituuliza tena, atupe kinywa cha kujibu.